Mboga za Masika kwa Siku za Kiangazi

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Moshi kwenda Tanga huiona milima ya Upare upande wake wa kushoto kwa mwendo mrefu. Chini, pale ulipo mji wa Same, nchi ni kavu. Miti yake ni ya miiba, na mibuyu imesimama mmoja mmoja kama wazee walioachwa nyuma na wenzao. Lakini msafiri huyo akiinua macho yake huona mawingu yamelala juu ya milima, na mashamba ya migomba, na msitu mweusi kuzunguka kilele cha Shengena, ambacho urefu wake ni meta 2,462. Mji wa Same wenyewe haufiki meta 1,000.

Sababu ya tofauti hii ni upepo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu. Zikifika milimani hulazimika kupanda juu, na zikipanda hupoa, na zikipoa hazina nguvu ya kuushika unyevu wao tena; basi huuacha uanguke kuwa mvua na ukungu upande ule wa mashariki na huko juu. Zikisha kuvuka na kushuka magharibi huwa kavu. Kwa hiyo mwenye shamba Mbaga au Gonja aweza kulalamika kwamba nguo zake hazikauki, na siku iyo hiyo mwenye shamba karibu na Same hana maji ya kunyweshea hata mche mmoja wa nyanya.

Yafaa tulifikiri jambo hili vizuri, maana limefungamana na chakula chetu. Katika miezi ya masika, yaani Machi hata Mei, mboga za majani huota kwa wingi kila mahali: mchicha, mnavu, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga. Milimani huongezeka kabichi na karoti. Wanawake huteremka nazo kwenda kwenye magulio, na siku nyingine wengi wameteremka pamoja hata wanunuzi hawatoshi. Jioni mafungu yaliyobaki yamekwisha kunyauka, na mwenye nayo hutazama kama ayabebe tena kupanda mlima au ayatupe. Kisha huja Agosti na Septemba. Mvua za vuli hazijafika. Huku chini fungu la mchicha limekuwa dogo, na bei yake imepanda. Nyumba nyingi hula ugali na maharage, au ugali na dagaa, jani bichi lisionekane kwa majuma mengi. Vyakula hivyo si vibaya hata kidogo, lakini havitoshi, kama tutakavyoona.

Wazee wa Upare walikwisha kukutana na shida ya namna hii katika habari za maji. Kijito kidogo cha mlimani hakiwezi kunywesha mashamba yote kwa mara moja, na usiku maji yake hupita bure watu wamelala. Basi walichimba ndiva. Maji huingia ndivani usiku kucha, yakatuama. Asubuhi kizibo hufunguliwa, maji yakaenda kwa mifereji kwenye mashamba kwa zamu zilizopangwa. Mpaka leo ndiva ziko, na wenyeji wake huzitunza. Kukausha mboga ni kufanya ndiva nyingine, ila badala ya kutunza maji ya usiku kwa ajili ya mchana, twatunza majani ya masika kwa ajili ya kiangazi.

Sasa tuulize: kwa nini jani huoza, na punje ya mahindi iliyokaushwa haiozi? Jibu ni maji. Jani bichi la mchicha ni maji karibu sehemu tisa katika kumi. Vijidudu vinavyoozesha, na kuvu pia, ni viumbe hai, navyo haviwezi kuishi pasipo maji, kama vile sisi tusivyoweza. Ukiviondolea maji hulala au hufa. Fanyeni hesabu hii: mama ana kilo 10 za mchicha, na ndani yake mna kilo 9 za maji; akizikausha mpaka maji yaliyobaki yawe sehemu moja tu katika kumi ya uzito wote, atapata kilo ngapi? Atapata kilo 1 na gramu 100 na kitu. Mzigo uliohitaji punda sasa waweza kubebwa na mtoto. Viazi vitamu vina maji machache kuliko majani, kwa hiyo kilo 10 hubaki karibu kilo 3.

Kwa sababu ya wepesi huu hata majeshi yametumia mboga zilizokaushwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyopiganwa toka mwaka 1939 hata 1945, palijengwa viwanda vya kukausha mboga huko Karatina na Kerugoya, chini ya Mlima Kenya, na wakulima wa huko walipeleka viazi, karoti na kabichi zikakaushwa kwa ajili ya askari. Vita vilipokwisha viwanda vile vilifungwa, ingawa wakulima walitaka viendelee. Sisi hatuhitaji kiwanda. Jua la Same na upepo wake mkavu, ambao twaunung'unikia kila siku, ndio mtambo wetu.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, maana watu wengi wanajua kukausha mboga, lakini wengi wao huikausha vibaya. Desturi ni kutandaza majani juu ya mwamba au juu ya jamvi, jua kali la saa sita likiyachoma, kuku wakipita juu yake, na vumbi la barabara likitua. Baada ya siku tatu majani yamekauka kweli, lakini yamekuwa ya rangi ya majani makavu ya kuezekea nyumba. Rangi ile ya kijani haikupotea peke yake. Ndani ya mboga za kijani, na ndani ya karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mna kitu kiitwacho karotini, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii ndiyo iwezeshayo jicho kuona katika mwanga hafifu. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kujikwaa jioni wenzake wakikimbia, kwa kuwa haoni njia. Na akiendelea kuikosa, jicho lenyewe hukauka na kuharibika, na aweza kuwa kipofu kabisa. Tena hushikwa na magonjwa upesi. Nayo karotini huharibiwa na mwanga wa jua. Mwaka 2003 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa juu ya mboga za majani za Tanzania hii, nao ulionyesha kwamba majani yaliyokaushwa ndani ya kaushio lililofunikwa yalibaki na karotini nyingi kuliko yale yaliyoanikwa juani wazi. Basi mama aliyeanika mchicha wake mwambani amehifadhi jani, lakini amepoteza sehemu kubwa ya faida aliyolitakia jani hilo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: joto na upepo vilikaushe jani, lakini jua lisiliangalie uso kwa uso.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kukausha kivulini. Chuma majani asubuhi, umande ukisha kukauka, uchague yaliyo machanga na mazima. Ondoa vikonyo vigumu. Yaoshe katika maji safi mara mbili au tatu, maana mchanga ukikaukia ndani ya jani hutautoa tena. Halafu chemsha maji katika sufuria kubwa. Tia majani katika kitambaa chepesi, uyachovye katika maji yanayotokota kwa muda wa dakika mbili, kisha uyatoe na kuyatia mara moja katika maji baridi. Watu huuliza kazi hii ni ya nini. Ndani ya jani mna vitu viitwavyo vimeng'enya, ambavyo huendelea kulibadili jani hata baada ya kuchumwa; hulitia weusi na ladha ya majani makuukuu. Maji ya moto huvizima. Vilevile huua vijidudu vingi. Ni kweli kwamba vitamini C hupotea, sehemu yake katika maji hayo na sehemu yake katika kukauka, wala hakuna njia ya nyumbani ya kuizuia isipotee. Kwa hiyo matunda mabichi hayaachwi: ndimu, chungwa, pera, embe kwa wakati wake. Lakini madini, kama chuma kiongezacho damu, hayarukwi na mvuke, hubaki katika jani.

Majani yakisha kuchuja maji, yatandaze juu ya ungo au kichanja, jani lisilalie jani. Kichanja ni bora kuliko jamvi, maana upepo hupita juu na chini. Kiweke barazani au chini ya paa penye upepo, ukifunike kwa kitambaa chepesi ili nzi wasitue. Geuza majani mara mbili kwa siku. Jioni yaingize ndani kabla ya umande. Jani lililokauka nusu likinywa umande usiku, kazi ya mchana imerudi nyuma, na kuvu hupata nafasi. Katika hewa kavu ya Same siku mbili au tatu zatosha. Kisamvu kina sharti la zaidi: lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa jani la muhogo lina sumu, na kukausha peke yake hakutoshi kuiondoa.

Sasa wale mkaao milimani mtasema, "Mwalimu, huku kwetu ukungu hukaa mpaka saa nne, na mwezi wa Juni na Julai hatuoni jua siku nzima." Ni kweli, na hapo ndipo penye fumbo la nchi yetu: mlima una mboga lakini hauna jua la kutosha, na tambarare ina jua lakini haina mboga. Wengine hukausha darini juu ya moto. Majani hukauka, lakini hunuka moshi, na moshi mwingi wenyewe si kitu chema kwa chakula wala kwa macho ya mpishi. Mimi naona njia mbili ni bora kuliko hiyo. Ya kwanza ni kupatana na ndugu wa tambarare. Karibu kila nyumba ya mlimani ina shangazi au mjomba aliyeolewa au kuhamia huko chini. Mboga zilizokosa wanunuzi gulioni na zipelekwe kwake, akaushe, nusu iwe yake na nusu irudi mlimani. Ya pili ni kujenga kaushio la jua.

Kaushio ni sanduku la mbao lisilo na rangi wala dawa ya kuua mchwa kwa ndani, urefu wake kama meta moja na upana nusu yake. Kifuniko chake kimelala kwa mteremko, nacho ni kioo au nailoni nyeupe ipitishayo mwanga. Chini, upande wa mbele, pana matundu ya kuingizia hewa; juu, upande wa nyuma, pana matundu ya kuitoa; na yote yamezibwa kwa wavu ili nzi wasiingie. Sakafu yake hufunikwa kwa bati jeusi, kwa kuwa kitu cheusi hunywa joto. Katikati hukaa trei ya wavu wa plastiki. Wavu wa chuma kitupu huleta kutu. Hewa iliyomo hupata joto, na hewa ya moto hubeba unyevu mwingi kuliko hewa baridi, tena ni nyepesi, kwa hiyo hupanda na kutoka kwa nyuma ikiubeba unyevu wa mboga, na hewa nyingine huingia mahali pake. Hata siku yenye mawingu mepesi, ndani ya sanduku pana joto kuliko nje. Ukikausha majani, tandika kitambaa cheusi juu ya trei, pasiguse majani, ili joto lipite na mwanga usipite. Fundi seremala wa kijiji chochote aweza kulitengeneza, na wavulana wa darasa la sita waliokwisha kujifunza kupima pembe wanaweza pia.

Nimesema sana juu ya majani, lakini najua watoto hungoja habari za vitafunio. Wasukuma, upande wa Ziwa Viktoria, wana ustadi wa siku nyingi katika jambo hili. Hukata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba na kuvikausha, navyo huitwa michembe. Au huvichemsha kwanza, kisha huvikata na kuvikausha, navyo huitwa matobolwa. Matobolwa ni matamu, mtoto hula akitembea, tena huweza kukaa miezi mingi. Viazi vitamu vyaota Upare pia, kwa hiyo hakuna la kutuzuia. Chagueni vile vya rangi ya chungwa. Vioshwe, vichemshwe mpaka kisu kipenye kwa taabu kidogo, vimenywe, vikatwe kwa unene wa nusu sentimeta. Vipande vyote viwe na unene mmoja; hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana kipande kinene hubaki na maji ndani vyembamba vikiwa vimekauka, na kikiwekwa pamoja navyo huwaharibu wenzake.

Boga na karoti hufanywa vivyo hivyo, lakini karoti yatosha kuchovya katika maji ya moto dakika tatu. Mimi napenda boga kuliko karoti, ingawa wanafunzi wangu wengi hawakubaliani nami. Ndizi mbivu hazichemshwi. Humenywa, hupasuliwa kwa urefu na kukaushwa, nazo hazivunjiki zikikauka bali hupindika kama ngozi. Vitafunio hivi havikutiwa sukari, wala havikukaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, kama vile vinavyouzwa kando ya njia. Ila utamu uliokuwa katika tunda kubwa sasa umo katika kipande kidogo kinachonata menoni. Basi kula vichache, unywe maji, na kusukuta kinywa.

Twarudi kwenye hatari, kwa kuwa chakula kilichokaushwa nusu ni kibaya kuliko kisichokaushwa. Kibichi kikioza utanusa na kutupa. Kilichokauka nusu huota kuvu polepole ndani ya kibuyu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kupikwa. Iliyo mbaya sana katika hizo huitwa sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake huko Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao walikufa. Hao hawakuwa wazembe; walikuwa na njaa, na mahindi ndiyo waliyokuwa nayo. Sumukuvu hupenda zaidi mahindi na karanga, lakini unyevu ulioialika huko huweza kualika kuvu katika viazi na ndizi pia. Chakula chenye kuvu hakikwanguliwi kikaliwa, wala hakipewi kuku.

Utajuaje kwamba kimekauka? Jani likunjwe kiganjani: likipukutika kwa sauti, limekauka; likijikunja kama kitambaa, bado. Kipande cha kiazi kivunjwe: kilie "ka!" Kama nyumbani mna chupa ya kioo yenye mfuniko, tia vipande ndani, ufunge, uiache mpaka kesho. Ukiona ukungu ndani ya kioo, maji bado yamo, rudisha kichanjani. Kabla ya kufunga acha vipoe kabisa, maana chakula cha moto kikifungiwa hutoka jasho. Kisha kitiwe katika chombo kikavu kisichopitisha hewa, kiwekwe gizani, juu ya kiunzi, mbali na jiko. Debe lenye mfuniko lafaa sana. Kibuyu chafaa kikizibwa vema. Andikeni tarehe juu yake. Mboga iliyohifadhiwa hivi hudumu miezi sita, nayo yatosha kuvusha kiangazi chote. Kila mwezi fungueni mtazame kama wadudu hawajaingia.

Wakati wa kupika, majani hurowekwa katika maji ya vuguvugu nusu saa, na maji yale yale hutumika kupikia. Pasikosekane mafuta kidogo, au karanga zilizopondwa, au tui la nazi, kwa sababu mwili hauwezi kuichukua karotini vizuri pasipo mafuta. Katika makande, chakula ambacho Wapare wamesifika kwacho, majani makavu hutiwa mahindi na maharage yakiwa karibu kuiva, yakachemka pamoja kwa robo saa. Kwa mtoto mchanga aliyekwisha kuanza kula, majani hutwangwa yakawa unga, ukachungwa, na kijiko kimoja cha unga huo hukorogwa katika uji wake pamoja na karanga. Uji hugeuka rangi ya kijani, na siku ya kwanza hukunja uso, lakini siku ya tatu hunywa.